Daraja la Mjomba Stush

Limezama! Jamani limezama, ligari zima la polisi, lile la deraya, tani kumi na nane, limezama kwenye kijito cha mjomba Stush, pua imeelekea mbinguni kama nguruwe anayetafuta hewa! Na mkuu wa polisi mwenyewe, Merle Fetterhoff, katokeza juu ya paa, kofia ya chuma kichwani na buti mguu mmoja. Mmoja! Lile jingine limekwenda na maji. Na shangazi Dolly kasimama barazani na aproni yake yenye unga, anampigia kelele, "Merle, vua na soksi, utashikwa na kifua!"

We acha tu. Nikianzia hapa nitakuharibia. Turudi Jumatano, maana haya yote yalianzia Jumatano, kwenye kaunta, kwa kakaratasi kadogo kuliko kiganja.

Jumatano ile, mkesha wa Sikukuu ya Shukrani, jengo la kaunti lilijaa kama kawaida. Unajua Jumatatu inayofuata ndiyo msimu wa kulungu unafunguliwa, na milimani kwetu siku hiyo shule zinafungwa, kiwanda cha mbao kinafungwa, hata daktari wa meno anabandika karatasi mlangoni kwamba amekwenda msituni na jino lako lisubiri. Kwa hiyo kila aliyesahau kibali anakikumbuka siku hiyohiyo. Mjomba Stush Wasko, miaka sitini na minane, alikuwa kwenye foleni, kofia kwapani, amekuja kuongeza muda wa leseni yake ya kubeba bastola. Leseni hiyo alianza kuikata zamani, enzi zile yeye ndiye aliyekuwa akichukua fedha za bingo kanisani na kuzipeleka benki. Bingo ikafa, benki ikahama, bastola ikabaki kiunoni. Hajawahi kumwelekezea mtu. Shangazi anasema akiivua anatembea upande, kama meza iliyokatwa mguu.

Kaunta ilikuwa na Arlene.

"Mzee Wasko, hebu nitajie tena tarehe yako ya kuzaliwa."

Akamtajia. Arlene akabonyeza, akasubiri, akabonyeza tena.

"Mashine inakukataa."

"Inanikataaje? Iambie mimi ni yuleyule, nimezeeka tu."

Foleni ikacheka. Arlene hakucheka. Akainama mbele ili anong'one, lakini Arlene amefundisha kwaya miaka ishirini, sauti yake haijui kunong'ona. "Inasema huna uwezo wa akili, mzee. Imetoka ofisi ya askari wastaafu."

Nyuma ya mjomba, Peg Sherbondy, jirani yetu, akaanza kutafuta kwenye mkoba kitu ambacho hakikuwemo.

"Hilo ni kosa," mjomba akasema.

"Labda. Lakini mpaka lisahihishwe siwezi kukupa. Na usinikasirikie, mzee, siyo bastola tu. Hata bunduki za kuwindia. Hata kuzigusa huruhusiwi."

"Jumatatu msimu unafunguliwa."

"Najua, mzee."

"Nimeuliza tu kama unajua."

Arlene akachukua ile leseni ya zamani, akaitoboa tundu kwa kile chuma cha kutobolea karatasi, akamrudishia. Mjomba akaiweka kwenye pochi, palepale inapokaaga, na tundu lake. Halafu akafika mlangoni akamshikilia mlango mama mmoja aliyekuwa anaingia na kigari cha mtoto, akasema, "Pita mama, kuna baridi." Hicho ndicho kilichomliza Peg Sherbondy. Alisema angetukana ingekuwa afadhali.

*

Peg alipiga simu nyumbani kabla mjomba hajafika. Kwa hiyo mjomba alipoingia, shangazi Dolly alikuwa anajua, na mjomba aliona kwamba anajua. Alivua buti. Akakaa. Baada ya muda akasema, "Bastola iko kwenye lori. Niliiacha kwa sababu kwenye jengo la kaunti haiingii. Nenda kaniletee."

"Si uende mwenyewe, mimi niko na unga mikononi."

"Siruhusiwi kuigusa, Dolly."

Shangazi akafuta mikono akaenda.

Kesho yake tukala sikukuu watu watatu: wao wawili na mimi, maana nakaa kwao chumba cha nyuma mwaka wa tatu sasa, chuo kiko karibu, na mjomba ananiita "profesa" kila nikikosea kupika mayai. Bata mzinga, na pierogi, vifuko vya unga vya viazi na jibini, zile shangazi anazozifinya kwa vidole mpaka zinafanana kama mapacha. Sahani ya nne ilikuwepo mezani. Ilikuwepo, ikabaki safi, ikaoshwa na nyingine.

Hiyo ni sahani ya Emil, mtoto wao. Emil ni polisi hapahapa Harkness Run, mmoja wa polisi sita. Mwaka jana mji ulipopewa lile gari la deraya na jeshi, bure, mjomba alisimama kwenye mkutano wa baraza akasema yeye aliwahi kupanda magari kama hayo, katika vijiji vya watu wengine, akiwa askari wa miaka kumi na tisa, na anajua mtu anakutazamaje kutoka mlangoni kwake ukipita umekaa juu ya chuma. "Msituletee mtazamo ule hapa," alisema, sauti ikawa inapanda, mwenyekiti akagonga meza, na Merle Fetterhoff akampa Emil ishara. Emil akamshika baba yake kiwiko, akamtoa nje. Taratibu tu. Lakini alimshika. Miezi kumi na miwili hawajasemezana, na nyumba zao zimeachana kilomita nne.

Sasa wewe unaweza kusema huo ni ugomvi wa kawaida wa wanaume. Sikatai. Ila kuna jiwe. Juu kwenye mgongo wa kilima chetu kuna jiwe bapa lenye kuvu, na tangu Emil ana miaka kumi na miwili baba na mwana walikuwa wanakaa juu yake alfajiri ya siku ya kwanza ya msimu, mjomba kulia, Emil kushoto, mpaka kuvu lenyewe limelala sehemu mbili. Jioni wakirudi, mjomba anakaa jikoni, anamsimulia shangazi siku nzima: upepo ulitoka wapi, Emil alikoroma saa ngapi, kulungu aliwadharau namna gani. Shangazi hajawahi kuwinda hata panya, lakini hadithi hiyo ndiyo sikukuu yake yeye. Mwaka jana mjomba alikwenda peke yake. Aliporudi shangazi akamwekea kahawa, akakaa, akangoja. Mjomba akasema, "Kulikuwa na baridi." Basi. Akaenda kulala.

*

Ijumaa ndiyo siku ya kupaka bunduki mafuta. Mjomba aliketi jikoni hatua mbili kutoka mezani, mikono ameibana katikati ya magoti kama mtoto aliyeambiwa asiguse keki, na shangazi ndiye aliyekuwa na kitambaa.

"Sukuma ule ufito mpaka mwisho. Siyo hivyo, unauchokonoa kama bomba la sinki."

"Basi njoo ufanye wewe."

Lilimtoka tu. Shangazi akasukuma ufito mpaka mwisho, polepole.

"Hiyo ni ya babu yake Emil?" akauliza, ilimradi aseme kitu.

"Ya baba yangu. Ya Emil ni ile yenye mkanda wa kahawia. Ipake vizuri hiyo. Aliiacha hapa."

Bunduki nane na bastola moja. Walipofika ya tano, shangazi akaweka kitambaa chini.

"Stush. Arlene alisema neno gani hasa?"

"Unalijua. Peg amekuambia."

"Alisema 'uwezo'?"

"Uwezo wa akili."

Shangazi akavuta kiti akakaa. Mafuta yalikuwa mpaka kwenye kiwiko. "Unakumbuka Aprili umeme ulipokatwa? Ukawa unaweka bili kwenye sanduku la vifaa bila kuzifungua?"

"Nilisahau."

"Ulisahau miezi minne. Nikapiga simu ofisi ile ya pensheni yako. Akapokea kijana mmoja ana adabu kweli, ananiita 'mama' kila neno. Akasema pensheni inaweza kuja kwa jina langu, nijaze fomu tu. Nikajaza. Kulikuwa na swali moja." Akafuta kidole kwenye aproni kama anataka kuandika tena. "'Je, askari huyu anaweza kusimamia fedha zake mwenyewe?' Visanduku viwili. Nikaona, jamani, si mimi ndiye ninayeandika hundi za nyumba hii tangu tumeoana? Nikatia alama kwenye hapana. Sikujua kama hapana ile inatembea. Sikujua inafika mpaka kwa Arlene."

Mimi nilikuwa kwenye sinki na nilifunga maji ili yasipige kelele. Mjomba akamgeukia shangazi.

"Umeme ulikatwa siku ngapi?"

"Mbili."

"Na ulikuwa unalala na koti."

"Na koti, na soksi zako."

"Basi uliandika kweli, Dolly."

Aliposema hivyo ndipo shangazi akalia, kwa sauti kabisa. Mjomba akanyanyuka kumwendea, akafika mezani, bunduki ziko pale zimetapakaa kati yao, akazunguka meza nzima kwa nyuma, amejibana ukutani asije hata nguo yake ikazigusa, akamfikia kwa upande wa pili. Akamwekea mkono begani. Halafu akatazama dirishani, kule kilimani.

"Sijui atakuwa anakwenda wapi Jumatatu," akasema. Hakutaja nani.

*

Ya Jumamosi kituoni nimeyapata kwa Twyla, dada anayepokea simu za polisi, na Twyla haongezi chumvi. Kumbe jeshi likikupa gari lile lina sharti: mwaka usiishe hujalitumia kwa kazi ya polisi, la sivyo linarudi. Na mwaka ulikuwa unaisha Jumatatu! Merle Fetterhoff alikuwa amekwisha kujenga gereji ya kulilaza. Na kazi gani limefanya? Gwaride la Julai, watoto wakapanda wakapiga picha. Na siku moja likaangusha sanduku la barua la kanisa. Basi.

Sasa Jumamosi ikaja karatasi kutoka juu: Stanislaus Wasko, kanyimwa leseni, uwezo wa akili, hakikisheni hana silaha nyumbani. Twyla anasema Merle aliisoma mara tatu, na mara ya tatu alikuwa amesimama.

"Acha niende mimi," Emil akasema. "Na gari langu la kawaida. Ni baba yangu, nitagonga mlango."

"Hamjasemezana mwaka mzima, Emil."

"Basi nitagonga bila kusema."

"Sikiliza kijana. Mtu ana silaha tisa, na karatasi inasema akili haziko sawa. Mimi namjua mzee, alinifundisha kuendesha trekta. Lakini askari wangu akipigwa risasi pale mlangoni nitamwambia nini mke wake? Kwamba nilikuwa na chuma gereji nikaogopa kukichafua?"

"Na kwamba Jumatatu linarudishwa."

Merle akawa mwekundu. "Na hilo pia," akasema. Alikuwa mkweli, angalau. "Kuna daraja pale kwenu, kwenye kijito. Linapitika?"

Emil akatazama sakafu. Daraja lile alilijenga yeye na baba yake akiwa na miaka kumi na mitano, magogo na mbao, majira ya joto yote.

"Lori la baba la kuni linapita kila wiki," akasema, tani hakuzitaja.

"Safi," akasema Merle.

*

Jumapili tumetoka misa, mjomba hajavua hata suti, shangazi keshafunga aproni yuko kwenye unga, tukasikia kwanza vikombe vinalia kabatini. Halafu ardhi. Halafu likajitokeza kwenye mti wa mwisho, jeusi, refu kuliko baraza letu, POLISI ubavuni kwa herufi nyeupe, linakuja mwendo wa maiti. Nyuma yake, sijui habari zilifikaje, magari matano ya majirani. Peg Sherbondy kaleta mpaka kiti.

Kipaza sauti kikakohoa. "BWANA STANISLAUS WASKO."

"Nani huyo anamwita jina la ubatizo?" shangazi akauliza.

"BWANA STANISLAUS WASKO, TOKA NJE MIKONO IONEKANE."

Mjomba akafungua mlango. Alikuwa na suti yake ya kanisani. Akatoka barazani, akanyanyua mikono yote miwili juu, na ninakwambia, nimemwona yule mzee akibeba ndama, nimemwona akipasua kuni kwenye theluji, sijawahi kumwona mdogo vile. Akasimama mlangoni kwake anatazama watu waliokaa ndani ya chuma. Halafu akapaza sauti.

"Merle! Usipande hilo da—"

Likapanda.

Daraja halikuvunjika ghafla, kwanza lilipiga mluzi. Halafu gogo moja, pa! Halafu yote. Lile dude likakaa kitako kwenye maji taratibu kabisa, kama bibi anayeingia kwenye beseni, likalalia nyuma, pua juu, magurudumu ya mbele yanazunguka hewani yanatupa matope mpaka kwenye kiti cha Peg. Kijito chenyewe kinafika magotini tu, lakini maji ya Novemba! Ndiyo Merle akatokea juu ya paa kama nilivyokuambia, na buti lake moja. Askari mwingine, kijana Corey aliyekuwa anaendesha, kabaki ndani anauliza kama azime injini.

Wa kwanza kuruka majini kutoka garini alikuwa Emil. Alivua ile kofia ya chuma, akaitupa juu ya boneti, akavuka mpaka kwenye nyasi zetu. Akasimama mbele ya ngazi. Mjomba bado alikuwa amenyanyua mikono.

"Shusha mikono, Baba."

"Nimeambiwa ionekane."

"Nimeiona. Shusha."

Akashusha. Huo ndio ulikuwa mwanzo wa kusemezana kwao, baada ya miezi kumi na miwili. Emil maji yanamtiririka.

"Nimekuja kuchukua zile—"

"Najua. Ziko mezani. Mama yako kazifunga kwa mataulo." Kisha akaongeza, "Sijazigusa."

"Najua hujazigusa."

Basi Emil akaanza kuzibeba. Gari haliwezi kuja wala kwenda, daraja hakuna, kwa hiyo ilibidi avuke nazo kwa mguu, mojamoja, ameiweka begani kama mtoto aliyelala, maji mpaka magotini, anampa Merle ng'ambo. Kila akirudi, mjomba kasimama mlangoni anaitaja inayofuata. "Hiyo ya babu yako. Usiipige mwamba." "Hiyo ilinunuliwa mwaka uliozaliwa." "Hiyo haipigi sawa, inavuta kushoto, mwambie Merle aandike inavuta kushoto." Na Merle, anatetemeka, mguu mmoja mtupu umeviringishwa taulo la shangazi, anaandika kwenye daftari: inavuta kushoto. Majirani waliokuja kucheka walikuwa wamesimama tu. Wanaume wengine walivua kofia, sijui kwa nini, labda hata wao hawajui.

Bastola ndiyo ilikuwa ya mwisho. Emil akaishika mkononi, ndogo, kipini kimelika kwa miaka ya mkanda.

"Hiyo sina la kuisemea," mjomba akasema. "Ila hiyo na lile," akanyoosha kidevu kwenye kijito, "niambie, Emil. Mimi na kitu hicho kiunoni, na Merle na kitu kile barabarani. Nani anamtisha mwenzake?"

Emil akaifunika taulo. Akavuka. Ng'ambo wakasemezana na Merle, tukaona Merle anakataa kwa kichwa, halafu anatazama gari lake, anatazama mguu wake, anachoka. Emil akarudi majini mara ya kumi, mikono mitupu.

"Zitakaa kwangu," akamwambia baba yake. "Merle kakubali, ataziandika jina langu. Sharti zisivuke kuja huku."

"Hata zikitaka. Zitapita wapi?"

Hakuna aliyecheka, lakini ilikuwa karibu. Emil akawa anatazama viatu vyake.

"Kesho siko kazini, Baba."

"Mm."

"Nitakuwa kule juu."

"Mimi sina bunduki."

"Kuswaga hakuhitaji bunduki."

Jamani. Kuswaga ni kazi ya watoto! Ndiyo unayoanzia, ukiwa na miaka tisa, kumi: unapita vichakani mikono mitupu unapiga kelele na kugonga miti, ili kulungu watoke wawaendee wakubwa waliokaa na bunduki. Mzee wa miaka sitini na minane! Shangazi aliziba mdomo kwa mkono wake wenye unga.

"Hiyo kazi ya watoto," mjomba akasema.

"Nilikufanyia miaka mitatu. Ulikuwa unaniambia sipigi kelele vya kutosha."

"Hukuwa unapiga."

Akaingia ndani akafunga mlango. Emil akavuka maji kurudi kwa wenzake.

*

Jumatatu kulipopambazuka jikoni tulikuwa wawili tu, mimi na shangazi. Kiti cha mjomba kilikuwa kitupu. Kizibao chake cha rangi ya chungwa hakikuwepo msumarini, thamosi haikuwepo. Hakuaga.

"Labda kaenda kutazama daraja," shangazi akasema.

"Na thamosi?"

"Kuna baridi kule darajani."

Basi tukakaa. Kutoka vilima vya mbali risasi zilikuwa zinasikika, moja huku, mbili kule, kama watu wanaopiga misumari. Kila ikilia moja shangazi anainua kichwa. "Hiyo si ya kwetu," anasema. Anafinya pierogi, anazihesabu, anasahau, anaanza upya. Saa nne hivi upepo ukageuka, na tukasikia kitu kingine, kwa mbali sana, kutoka kwenye mgongo wetu. Mtu anapiga kelele. "Oooo-hoi! Hoi! Hoi!" Sauti kavu, ya kizee, inapanda kilima inakatika, inaanza tena. Shangazi akaacha unga, akafungua dirisha lote wazi, baridi ikaingia jikoni. Akasimama pale na mikono yake kifuani.

"Anapiga vya kutosha," akasema.

Alirudi alasiri jua likiwa limeegemea. Suruali imechanika goti, jani limenasa kwenye nywele, na hana damu mkononi, kwa hiyo kulungu hakuna. Shangazi hakuuliza. Akamwekea kahawa, akakaa mbele yake, akangoja, na mimi naapa nilikuwa nahesabu pumzi. Mwaka jana ilikuwa hapahapa, kiti hikihiki.

Mjomba akanywa. Akaweka kikombe.

"Upepo ulikuwa wa magharibi," akasema.

Shangazi akashika ukingo wa meza.

"Nikaanzia chini kabisa, kwenye ule mkono wa kijito, kama walivyokuwa wanaanzia watoto. Nikapiga kelele mpaka nikaona aibu, halafu aibu ikaisha, nikaendelea kupiga. Wakatoka majike watatu. Wakanitazama, Dolly. Kulungu wananijua miaka hamsini, hawajawahi kuniona sina kitu. Wakaondoka wanatembea tu, hawakukimbia hata kidogo." Akacheka kidogo puani. "Nikatokea juu. Na yeye yuko pale kwenye jiwe. Kakaa kushoto."

"Kushoto?"

"Jiwe lote ni lake, hakuna mtu mwingine mlima mzima, na kajibana kushoto, nusu tako liko hewani. Upande wangu kaufuta theluji."

Machozi yalikuwa yanamshuka shangazi na alikuwa anayaacha.

"Nikakaa. Nikafungua thamosi. Kahawa ikaisha. Halafu nikamuuliza: Emil, wewe ulilijenga lile daraja na mimi. Unajua magogo yale yanabeba tani ngapi. Merle hakukuuliza?"

"Akasemaje?" Tulisema pamoja, mimi na shangazi.

Mjomba alikuwa ameinama anafungua kamba za buti, mabega yanamtikisika, na kwa sekunde moja nilidhani analia. Kumbe anacheka. Anacheka mpaka kikohozi kinamkata. Akavua buti moja, akalishika mkononi, akalitazama, akacheka upya, halafu akanyanyuka na soksi zake kuelekea chumbani, ameshika ukuta, mzee amechoka kila kiungo.

"Stush!" shangazi akamwita. "Akasemaje?"

"Ni ndefu hiyo, Dolly, na inataka niiseme vizuri," akajibu kutoka kwenye giza la korido. "Pasha kahawa kesho asubuhi. Nitakumalizia."